Gramafoni ya babu na ile ya pembe ya shaba: ipi ikae sebuleni?

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ameuliza hivi: babu yake mzaa mama alimwachia gramafoni nyeusi ya sanduku, ile ya kubeba mkononi, yenye nembo ya mbwa, pamoja na boksi la santuri, na kati yake zimo za Siti binti Saad. Inazunguka, lakini inatoa mlio wa "du, du" na sauti inakwaruza. Alipokwenda Unguja aliona kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe gramafoni kubwa yenye pembe ya shaba na nembo ya mbwa huyo huyo. Muuzaji kamwambia ni ya mwaka 1905. Anataka kuinunua aziweke zote mbili sebuleni, juu ya meza iliyo chini ya dirisha linalotazama bahari. Anauliza kama ile ya pembe ni ya kweli, aziweke vipi zisiharibike, na kama santuri za babu anaweza kuzipiga. Kuna na jirani anayetaka kuazima gramafoni kwa ajili ya picha za harusi ya bintiye.

Dada yangu, nianzie dukani, maana huko ndiko pesa inakotaka kutokea. Usiinunue kwanza. Kwa jinsi ulivyoieleza na kwa picha ulizonitumia, ile ni ya kuungaunga: sanduku jipya, pembe mpya, na ndani yake mashine iliyong'olewa kwenye gramafoni ya mkononi, ndugu kabisa wa hiyo ya babu yako. Za namna hii zimetengenezwa kwa wingi India na zimesambaa hadi Ulaya na Marekani. Sisemi muuzaji wako ni tapeli. Wengi wao nao waliuziwa wakiambiwa maneno hayo hayo, na hakuna aliyewahi kufungua sanduku akatazama.

Ukirudi huko, mwombe akuruhusu uitazame kwa tochi ya simu, kisha umshike kwa huo mwaka wake wa 1905. Anza na mbwa. Picha ya yule mbwa anayesikiliza pembe ilichorwa na Francis Barraud, na Gramophone Company ya Uingereza iliinunua mwaka 1899. Lakini kwenye lebo za santuri zake kampuni iliendelea kutumia alama ya malaika anayeandika kwa unyoya hadi mwaka 1909, ndipo mbwa akachukua nafasi. Kwa hiyo bamba kubwa linalong'aa la mbwa na maneno "His Master's Voice", limepigiliwa mbele ya sanduku la "1905", likutie shaka hapo hapo. Si ushahidi wa mwisho, ila ni sababu ya kuendelea kuchungulia.

Halafu tazama kichwa, kile kidude cha mviringo kinachoshika sindano. Ukikuta kimeandikwa 5A au 5B, kimetoka kwenye gramafoni za mkononi za miaka ya 1930 na kuendelea. Vichwa vya mwanzoni mwa karne vilikuwa na kiwambo (ule utando unaotetemeka na kutoa sauti) cha ulanga, kile kijiwe cha tabaka kinachopitisha mwanga, na hivi vya baadaye vina kiwambo cha aluminiamu. Fuata mkono unaobeba kichwa. Kwenye gramafoni nzuri za wakati ule mkono wenyewe ni sehemu ya pembe: unaanza mwembamba karibu na sindano, unapanuka kidogo kidogo hadi unapokutana na kiwiko cha pembe, kusudi sauti ikue njia nzima bila kukwama. Za kuungaunga zina bomba la unene mmoja, limekunjwa, na kwenye kiungio pembe inachezacheza. Chuma kinachobeba pembe kwa nyuma nacho kinasema mengi. Pembe ni nzito, kwa hiyo waliotengeneza za kweli walitumia chuma cha kusubu, kinene, kilichofungwa barabara kwenye sanduku. Ukikuta kibati chembamba kilichopakwa rangi ya dhahabu, weka pesa yako mfukoni.

Mwisho mwombe ainue ubao wa juu. Hapo ndipo uongo unapojificha. Utaona mashine ndogo ya gramafoni ya mkononi imening'inia ndani ya sanduku lisilo la kwake, pengine bamba lake lina matundu yasiyo na kazi kwa sababu yalikuwa ya kufungia mahali pengine. Utanusa vanishi mpya. Utaona skrubu za nyota, na skrubu hizo zilianza kutumika viwandani miaka ya 1930. Na mbao za ndani zitakuwa nyeupe zisizo na vumbi la kale wala alama za mafuta. Mashine iliyofanya kazi zaidi ya miaka mia moja inaacha uchafu wake kila mahali.

Sasa kuna jambo ninalotaka ulifikirie kabla hujalisikitikia lile pembe. Hata kama ingekuwa ya kweli ya 1905, isingefaa kupiga santuri ulizonazo. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Kufikia hapo kampuni zilikuwa zimeshahama kutoka kurekodi kwa kuimba ndani ya pembe na kuanza kutumia maikrofoni, mabadiliko yaliyoanza mwaka 1925. Santuri za maikrofoni zina mifereji yenye sauti kubwa na nzito zaidi, na vichwa vizito vya mwanzoni mwa karne vinaikwangua haraka. Gramafoni zilizobuniwa kwa ajili ya santuri hizo mpya ni kama ya babu yako. HMV 101 (HMV ni kifupi cha hayo maneno "His Master's Voice") ilitoka mwaka 1925, ikafuatiwa na 102 mwaka 1931, na hiyo 102 iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950. Sauti hutoka kwenye pembe iliyokunjwa ndani ya sanduku, na kifuniko ukikiinua kinairusha mbele.

Na ndizo zilizoingia majumbani kwetu. Mtu alikuwa na santuri zake, hana umeme, anabeba kisanduku chake barazani, anatia ufunguo, watu wanakusanyika. Baada ya safari ya Siti kufanikiwa, kampuni za santuri za Columbia na Odeon nazo zikaja kutafuta sauti za pwani, na baadaye zikaja lebo za hapa hapa, kama Mzuri ya Mombasa na Jambo ya Nairobi. Kwa hiyo ukiniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili ni kitu cha kale cha Tanga, nitakuonyesha kile kisanduku cheusi ulichokiona hakina sura. Wanaokusanya kwa kufuata mng'aro huishia na sebule iliyojaa shaba isiyo na historia. Pesa uliyoipangia pembe, itengenezee sanduku la babu, na itabaki.

Twende kwenye huo mlio wa "du, du". Ndani ya mashine kuna pipa dogo la chuma, na ndani ya pipa kuna springi: ukanda mrefu wa chuma uliokunjwa mzunguko juu ya mzunguko. Ukitia ufunguo unaukaza, nao ukilegea unazungusha sahani. Kiwandani ule ukanda ulipakwa grisi yenye unga wa grafaiti ili mikunjo iteleze. Miaka ikipita grisi inakauka inakuwa gundi. Mikunjo inashikana, nguvu inajikusanya, halafu inaachiana kwa mshtuko mmoja, na huo mshtuko ndio "du" unayoisikia. Wakati mwingine unausikia hadi kwenye wimbo, sauti inayumba. Dawa yake ni kulitoa pipa, kuitoa springi, kuisafisha kwa mafuta ya taa, na kuipaka grisi mpya ya grafaiti.

Lakini usifanye mwenyewe, na usimpe kijana wa mtaani anayetengeneza simu. Springi ile ikiruka nje ya pipa inakata vidole. Kazi hii inataka fundi saa wa zamani, yule aliyezoea saa za ukutani, au fundi mzee wa kutengeneza cherehani mwenye subira. Mwambie kwanza aache springi ilegee yote kabla hajagusa skrubu hata moja. Na mkatalie kabisa akitaka kupuliza mafuta ya kopo ndani ya pipa: yataiyeyusha grisi nusunusu, yatachuruzika hadi kwenye kidhibiti mwendo, na baada ya miezi utarudi pale pale. Kwenye mihimili na meno ya gia tone moja moja la mafuta ya cherehani linatosha. Nimeona gramafoni zilizotiwa mafuta ya nazi kwa nia njema. Yanaganda na kunata, na kuyatoa ni kazi kuliko kutengeneza mashine yenyewe.

Kidhibiti mwendo nilichokitaja ni kile kifaa chenye vizito vitatu vidogo vinavyotanuka mashine ikienda kasi. Vikitanuka vinavuta kisahani kidogo kigusane na kipande cha ngozi au felti, na msuguano huo ndio unaoshika mwendo usizidi. Kipande hicho kikikauka, mashine inalia au mwendo unapanda na kushuka. Tone moja la mafuta humaliza ugomvi. Kisha pima mwendo: weka kikaratasi chini ya ukingo wa santuri kitokeze nje, hesabu kinapita mbele yako mara ngapi kwa sekunde 10. Zikiwa 13, umefika kwenye mizunguko 78 kwa dakika inayotakiwa. Pima sindano ikiwa juu ya santuri, kwa sababu uzito wake unapunguza mwendo. Ukikosea hapo Siti atasikika kama mtoto au kama mwanamume mwenye mafua.

Mkwaruzo una sababu mbili, na huenda unazo zote. Ya kwanza imo ndani ya kichwa. Kiwambo hushikiliwa pande zote na pete za mpira laini, na mpira wa miaka themanini huwa umegeuka kuwa mfupa. Sauti inazizima, kila neno linaishia na mnguruma. Pete zinabadilishwa. Ila shika kichwa kwa upole, kwa sababu vingi vya miaka ya 1930 na baadaye vilisubiwa kwa mchanganyiko wa zinki ambao ukizeeka unavimba na kupasuka. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, usikaze wala kulegeza skrubu. Tafuta kichwa kingine kwa wauzaji wa vipuri vya gramafoni, hasa Uingereza, maana 101 na 102 zilitoka nyingi na vipuri vyake bado vinapatikana.

Ya pili ni sindano, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa santuri, basi. Dakika tatu, unaitoa, unaitupa. Santuri hizi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Huo unga umewekwa makusudi: mizunguko ya mwanzo inainoa ncha ya sindano hadi ilingane sawasawa na mfereji. Mwisho wa wimbo ncha ile imeshakuwa bapa yenye kingo kali, na ukiirudishia mwanzo wa santuri nyingine inakuwa patasi. Nayo inasukumwa na kichwa chenye uzito wa zaidi ya gramu 100, wakati sindano ya mashine ya kisasa hugusa kwa gramu chache tu. Zamani vikopo vya sindano 200 viliuzwa madukani, lakini pesa ilikuwa ngumu na watu walitumia sindano moja wiki nzima. Ndiyo maana santuri nyingi za majumbani mwetu zimekuwa na rangi ya kijivu. Iinamishe santuri kwenye mwanga: ikiwa nyeusi inayong'aa, mifereji ni mizima, ikiwa ya kijivu kama majivu, imeshaliwa, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Je, uzipige? Zile za kawaida, piga. Gramafoni isiyopigwa inakuwa fanicha. Sindano mpya zinatengenezwa hadi leo na si ghali. Agiza zile laini za sauti ya chini, kwa sababu sebule yako si uwanja wa mpira. Santuri za Siti, nakusihi usiziguse kwa gramafoni kwanza. Tafuta mtu au studio yenye mashine ya umeme inayozunguka mara 78 kwa dakika na sindano mahususi ya santuri hizi, ambayo ni nene takriban mara tatu ya ile ya LP, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye. Ukitumia ya LP itaburuza chini ya mfereji, ichukue uchafu mtupu. Zirekodiwe kwenye kompyuta, upande kwa upande, bila kusafishwa sauti, na nakala ziwe zaidi ya mahali pamoja. Piga picha lebo kila upande, na piga picha namba zilizochongwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo, kwa sababu ndizo zinazomwezesha mtafiti kujua wimbo ulirekodiwa lini na wapi. Santuri ya shelaki ikianguka kutoka mezani hupasuka kama kigae, na zipo nyimbo za wakati ule ambazo huenda zimebaki kwenye nakala chache tu duniani. Moja inaweza kuwa yako.

Kuzisafisha: maji yaliyochemshwa yakapoa, au ya betri yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, na brashi laini sana. Sugua kwa kufuata mifereji, usiikate. Lebo isilowe. Suuza, futa kwa kitambaa cha pamba, isimamishe ikauke kivulini. Spiriti ni marufuku, hata kidogo, hata ile ya kusafishia vidonda, kwa sababu shelaki huyeyuka ndani ya spiriti. Ukungu ulioota kwa sababu ya unyevu wa pwani utatoka kwa maji hayo hayo. Kisha kila moja iingie kwenye bahasha ya karatasi, isimame wima, ibanwe kiasi zisiinamiane. Usizilaze lundo moja refu, na usizitungike ukutani kwa msumari kama nilivyoona kwenye hoteli kadhaa za kitalii.

Sasa sebule. Meza yako iko mahali pabaya kuliko pote: chini ya dirisha, jua la asubuhi, chumvi ya bahari. Jua la kioo likikaa juu ya santuri kwa saa moja tu linaipinda kama chapati, na hata sanduku lenyewe, lile gamba jeusi linalofanana na ngozi, linapauka na kunyanyuka pembeni. Chumvi nayo inakula nikeli na kromu za mkono, kufuli na kona. Hamishia gramafoni kwenye ukuta wa ndani usiopigwa jua, mbali na mlango wa jikoni, na isiwe karibu na kiyoyozi kinachoipulizia baridi na kuzimwa kila siku. Kupanda na kushuka kwa unyevu kunachosha mbao kuliko joto lenyewe. Meza iwe imara na isiyoyumba, urefu wa kiunoni hivi, ili watu waone sahani na mkono bila kuinama, na watoto wadogo wasifike kwa urahisi.

Mchana mgeni akija, ifungue. Usiku ifunge, ndio uzuri wa kisanduku, kina kifuniko chake cha kuzuia vumbi. Kitambaa cha kushona kwa mkono chini yake, kama walivyofanya bibi zetu kwenye redio, hakina madhara na kinapendeza. Usiifunike kwa nailoni, inafungia unyevu ndani na kutu inaanza bila wewe kuona. Weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vibadilishe kila masika. Sehemu za chuma zipanguse kwa kitambaa chenye harufu tu ya mafuta ya cherehani. Dawa ya kung'arishia shaba isisogee hapo: inakwangua nikeli na inafuta nembo. Ikiwa sanduku la mtu ni la mbao na si la gamba kama lako, achunguze chini vitundu vya bungua na unga mpya, na asitumie spiriti hapo pia, maana masanduku mengi ya mbao ya wakati ule yalipigwa polishi ya shelaki ile ile.

Usiiache ikiwa imekazwa. Kila ukimaliza kupiga, iache izunguke hadi springi ilegee, kisha toa hendeli uiweke kwenye kishikio chake. Mara moja kila wiki chache itie ufunguo kidogo na uiache izunguke bila santuri, mafuta yasigande.

Ukitaka iwe onyesho hasa, weka kando yake kikopo cha sindano, picha ya babu, na lebo moja ya santuri iliyochapishwa kwa ukubwa kutoka kwenye picha ulizopiga. Santuri yenyewe ibaki kwenye bahasha. Andika pia karatasi moja ya maelezo uiweke ndani ya kifuniko: babu aliinunua wapi, alikuwa akifanya kazi gani, nani alikuja kusikiliza. Muulize mama leo leo, usingoje Idi. Mkusanyaji wa Ulaya anaweza kununua 102 nyingine kesho asubuhi, lakini karatasi hiyo hawezi kuinunua popote.

Ukishanogewa, na wengi hunogewa, utaanza kusikia habari za mashine za silinda, zile za Edison. Hizo ndizo fonografu zenyewe. Edison alianza na karatasi ya bati mwaka 1877, kisha zikaja silinda za nta, na gramafoni ya sahani ya Emile Berliner ikafuata kwa hataza ya mwaka 1887. Zina tofauti moja kubwa na yako: fonografu iliweza kurekodi pia. Mjerumani Karl Weule alizunguka na moja kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906, Masasi na uwanda wa Makonde, akarekodi nyimbo za watu, na silinda zake zimo kwenye hifadhi ya Berlin. Kwa nyumba ya Tanga, hata hivyo, sikushauri. Nta inaota ukungu, ukungu unakula mifereji, na joto letu ni adui yake. Ukibahatika kupata moja, usiguse sehemu yenye mifereji. Iingize vidole viwili kwa ndani uitanue uibebe hivyo. Na usiipige silinda ya dakika nne kwa kichwa cha silinda ya dakika mbili: mifereji ya ya kwanza imesongamana maradufu, utaisaga.

Kama ni kununua cha pili, nunua santuri. Za taarab, za gitaa la Kongo, kama nyimbo za Mwenda Jean-Bosco alizorekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na za bendi za Nairobi. Bado zipo kwenye maghala, chini ya vitanda, kwa wauza vyuma chakavu ambao hawajui wanachokiuza. Nenda kwa wazee kabla ya kwenda kwa maduka.

Na lile pembe, ukiwa bado unalipenda, sikuzuii. Linunue kwa bei ya pambo, kama ungenunua taa au kioo chenye fremu ya nakshi, na mwambie muuzaji wazi kwamba unajua ni la kuungaunga. Utashangaa bei inavyoshuka. Hilo ndilo la kumwazima jirani kwa picha za harusi. La babu lisitoke nyumbani. Kama shangazi au mjomba ana haki nalo na huwezi kumkatalia, basi kabla halijapakiwa kwenye gari springi iwe imelegea yote, sindano itolewe, mkono ufungwe kwenye klipu yake, hendeli iwekwe mahali pake, na santuri zisafiri zikiwa zimesimama, mapajani mwa mtu mzima.